Rodaji ya Goti

Watu wakisikia mzee ameumia goti kwa mazoezi, wanadhani ni uzee. Si uzee. Ni hasira. Niliumia goti kwa sababu ya mtu mmoja, na hadi leo nikipanda ngazi likanichoma, namkumbuka yeye kwanza, ndipo nalikumbuka goti.

Mimi ni fundi magari. Shule niliishia darasa la nne, upande wa Tanzania, ambako wazazi wetu walikimbilia kutoka Rwanda na sisi tukazaliwa huko. Injini nilijifunzia Mwanza, kwa kuosha vyuma vya watu kwa dizeli mpaka ngozi ya viganja ikawa inabanduka kama ganda la kitunguu. Leo gereji yangu iko Gikondo, hapa Kigali, ina mashimo mawili na mafundi sita, na nyumba yangu iko juu mlimani, Rebero. Nimeijenga bila kumwomba mtu, na bila mjomba serikalini.

Majirani zangu wa Rebero ni watu wa ofisi. Wana klabu yao ya mazoezi. Jumapili zile ambazo barabara kubwa za mji zinafungwa kwa magari ili watu wakimbie, wanatoka kama jeshi, fulana za rangi moja, mwenyekiti wao mbele. Huyo mwenyekiti ni mkurugenzi mstaafu, amekulia Uganda, mrefu, mkavu, umri wetu unalingana. Kiingereza anakimwaga kama maji. Kiswahili chake ni cha hapa hapa Kigali, kila kitu kwake ni "iko".

Mke wangu ndiye aliyeanza kwenda klabu, na ndiye aliyenivuta. "Tumbo hilo litakuua," aliniambia. Basi nikanunua viatu, nikashuka naye Jumapili moja, nikasimama kwenye duara pamoja na wengine. Mwenyekiti akapita anatupanga. Wewe mbele, wewe katikati, nyinyi akina mama pembeni. Alipofika kwangu akanitazama toka viatu hadi kofia.

"Muzehe," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote, "wewe iko na mwili ya kubeba injini, si ya kukimbia. Kaa hapa na mifuko ya watu. Angalia na chupa za maji, zisiibwe."

Watu wakacheka. Walicheka kwa kelele, wengine wakashika mbavu. Na mke wangu akacheka.

Nilikaa na mifuko. Saa nzima na dakika kumi nilikaa na mifuko ya watu kumi na tisa, mimi niliyemiliki gereji wakati baadhi yao bado wanaomba barua za utambulisho za kutafutia kazi. Waliporudi wanatoka jasho, mwenyekiti akanipiga bega. "Sawa, fundi. Kazi mzuri."

Nyumbani nilimuuliza mke wangu, "Ulicheka nini?"

"Nilicheka kwa sababu ilichekesha."

"Mimi sikuona."

"Baba, wewe usingeweza kuona. Uso wako mwenyewe ndio uliokuwa unachekesha."

Hapo ndipo nilipoapa. Klabu ile, mara chache kwa mwaka, inaanzia chini Gikondo na kupanda hadi kileleni Rebero, kila mtu kwa nguvu zake, na mwenyekiti ndiye anayefika wa kwanza daima. Wenzake vijana wanaweza kumpita, lakini wanamwachia, wanajua adabu. Mimi adabu hiyo sina. Nikahesabu: zimebaki wiki sita. Nikasema wiki sita zinatosha kumfanya yule mtu aone mgongo wangu.

Sikumwambia mtu. Kila alfajiri niliamka kabla ya adhana ya kwanza, nikashuka hadi Gikondo, nikapanda, nikashuka tena, nikapanda tena. Wiki ya pili nikaongeza ngazi za jengo moja la maghala, juu na chini mara kumi. Wiki ya tatu nikaona mwili umezoea, nikatia flaiwili ya gari dogo kwenye begi la mgongoni. Flaiwili ni lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini. Ukikosea ukalidondosha mguuni, umekwisha. Nilipanda nalo Rebero. Siku za kupumzika hazikuwepo. Jumapili nilikimbia, Jumatatu nilikimbia, siku ya mvua nilikimbia huku matope yananifika kwenye soksi.

Wiki ya nne goti la kulia likaanza kusema. Mwanzo lilikuwa linasema wakati wa kushuka tu, mbele kabisa, chini ya kile kifuniko. Baadaye likasema nikiinuka kwenye kiti. Baadaye nikawa siwezi kuchuchumaa kuangalia chini ya gari bila kushika bampa. Likawa linakwaruza kwa ndani kama beringi iliyokauka grisi.

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao ni fundi peke yake anayeweza kuufanya.

Injini ikifunguliwa na kufungwa upya, ringi mpya na silinda bado hazijuani. Inabidi uiendeshe kwanza hadi vyuma vizoeane. Hapa Gikondo wazee wa gereji tunaita rodaji, neno la Wafaransa. Injini iliyo kwenye rodaji inanguruma vibaya, inapata joto, mwenye gari anakuja analalamika, nami namwambia, "Nenda, endesha, itakaa sawa." Sasa nikajiambia goti langu liko kwenye rodaji. Limefungwa upya, linazoea. Kelele ni za kawaida. Endesha, itakaa sawa.

Nikaliendesha. Nililifunga na kipande cha mpira wa tyubu, nikalipaka siagi ya ng'ombe asubuhi na jioni, na nikazidisha mlima. Kila lilipochoma nikasema, "Vizuri, linakaa." Mafundi wangu waliniona nachechemea, mmoja akaniuliza, nikamwambia ashughulikie klachi iliyo mbele yake.

Siku yenyewe ikafika. Tukaanza chini, mwenyekiti mbele na fulana yake iliyopigwa pasi. Ndiyo, alipiga pasi fulana ya mazoezi. Mimi nikawa nyuma yake hatua ishirini. Nikamwacha anione. Alipogeuka akashtuka kidogo, na mshtuko ule niliula kama chakula. Tulipofika pale mlima unaposimama hasa, nikakaza. Hatua kumi na tano. Kumi. Nilisikia pumzi yake inakatika, nikasema moyoni, leo utanijua.

Hatua nane hivi zilikuwa zimebaki goti lilipokataa. Halikuvunjika wala halikulia. Lilikataa tu, kama gia inavyokataa kuingia. Nikakanyaga, mguu haukunibeba, nikaangukia mkono, nikajikokota hadi kwenye ukingo wa mtaro nikakaa. Watu wote walinipita. Wote, hata mama mmoja mnene wa kwaya ambaye alikuwa anatembea huku anaongea na simu.

Baada ya muda wakaanza kushuka. Mwenyekiti akaja, maji mkononi, akainama juu yangu.

"Fundi! Gari iko imezima?"

Nikalishika goti kwa mikono miwili.

"Mngoje, mtu apige simu ya breakdown!" akawaambia wenzake, na wakacheka kicheko kile kile, sauti zile zile.

Mara ya kwanza nilikasirika. Mara hii sikukasirika. Kilichonipata kilikuwa kitu baridi na kizito, na kilikaa mahali pake kimya. Nilijua nitakuwa nacho kwa muda mrefu.

Goti lilivimba hadi suruali ikabana. Mke wangu hakucheka safari hii. Alipata habari za binti mmoja wa mtaa wa Nyakabanda, mtaalamu wa viungo, ana chumba nyuma ya duka la mshonaji ambaye ni baba yake. Watu wa kwao ni Waislamu, wana asili ya pwani kwa mbali, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikaenda nikidhani atanichua. Hakunichua. Alinilaza, akabonyeza hapa na pale, akanikunja, akanikunjua, kisha akavuta kiti.

"Mzee wangu, nieleze. Ulikuwa unafanya nini, siku hadi siku."

Nikamweleza. Mlima mara mbili, ngazi mara kumi.

"Siku ya kupumzika ilikuwa ipi?"

"Kupumzika kwa nini?"

Akaandika kitu. "Na goti lilipoanza kuuma?"

Nikamfafanulia rodaji. Nilimfafanulia vizuri, kama ninavyowafafanulia wenye magari, ringi na silinda na yote. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa ameinamisha. Kisha akauliza kwa upole:

"Hiyo rodaji, mzee wangu, gari linaendeshwa kwa spidi gani?"

"Taratibu. Ukikimbiza unaua injini."

"Na mlimani?"

"Mlima mkali hapana. Unatafuta tambarare."

"Na mzigo?"

Nikaanza kushusha mguu wa suruali.

"Mzee wangu. Linabebeshwa mzigo?"

"Bila mzigo," nikasema.

"Na wewe mgongoni ulibeba nini?"

Nilitazama ukuta. Huko nje cherehani ya baba yake ilikuwa inakwenda, ikasimama, na nina hakika yule mzee alikuwa anasikiliza.

"Flaiwili," nikasema.

"Ndiyo nini?"

"Chuma."

Hakucheka. Angecheka nisingerudi. Alisema tu, "Basi wewe unajua kazi hii kuliko mimi. Ungejitengeneza kama unavyotengeneza magari ya watu, tusingeonana."

Akaniambia hakuna kilichokatika. Kifuniko cha goti kimesuguliwa na kuzidiwa, na misuli ya paja langu, niliyodhani ni chuma, haina nguvu ya kukishikilia mahali pake. Nimeongeza kazi kwa wiki chache kuliko mwili unavyoweza kujijenga. Dawa yenyewe ilinitia aibu kwa udogo wake. Barafu kwenye taulo, dakika kumi na tano. Kulala chali, mguu mmoja umekunjwa, mwingine umenyooka, kuuinua kiasi cha shubiri mbili, kuushusha polepole, mara kumi, raundi tatu. Baada ya majuma kadhaa, kuegemea ukuta kama mtu aliyekaa kwenye kiti ambacho hakipo. Baadaye kushuka kijingazi kifupi kwa mguu mmoja. Kutembea tambarare. Mlima hapana, hasa kushuka. Na akanipa kipimo: "Maumivu toka sifuri hadi kumi. Yakiwa mawili, matatu, endelea. Yakifika matano, simama. Na asubuhi yake goti likiamka limevimba, jana ulizidisha, punguza."

Mtu kama mimi kuambiwa apunguze ni kama kuvuliwa nguo sokoni. Nilitaka kuacha mara nyingi. Sitadanganya kwamba nilipata hekima. Kilichonilaza chali kila asubuhi kwenye mkeka sebuleni ni sura ya yule mtu ameinama juu yangu na chupa yake ya maji. Moja, breakdown. Mbili, breakdown. Nilihesabu hivyo hadi kumi, nikapumzika, nikahesabu tena. Mke wangu alikuwa anapita na chai ananisikia nanong'ona, akadhani nasali.

Gereji nayo nikaibadilisha. Nilichomelea kigoda kifupi chenye magurudumu, nikawa nazunguka nacho gari zima bila kuchuchumaa. Mafundi walikicheka siku moja, siku ya tatu wakawa wanakiiba.

Baada ya miezi mitano hivi niliweza kushuka ngazi miguu ikipishana kama watu wengine. Nikaanza kutoka tena Jumapili, lakini kwa kutembea, njia ya tambarare, peke yangu nyuma ya kundi. Mwenyekiti alikuwa akinipita na kuniinulia kidole gumba. Nami nilimwitikia kwa kichwa. Nilikuwa nangoja. Sikujua nangoja nini.

Alikuja mwenyewe. Jumanne moja, saa nne asubuhi, gari lake kubwa likaingia gerejini. Nilikuwa kwenye kigoda changu, nikamtazama anavyoshuka. Aligeuza miguu yote miwili nje kwanza, akashika mlango, akainuka kwa mikono. Kisha akashuka ule ukingo mdogo wa sakafu kwa ubavu, mkono ukutani, mguu wa kushoto mbele.

Nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Fundi, gari iko na sauti," akasema.

Nikaliwasha, nikasikiliza, nikazunguka nalo hadi kona na kurudi. Lilikuwa halina sauti yoyote.

"Gari ni zima, mwenyekiti."

"Eh. Basi mzuri." Hakuondoka. Akatazama mafundi, akatazama shimo, akashusha sauti. "Sha, wewe. Ile goti yako. Ulifanyaje mpaka ikapona?"

"Kwa nini?"

"Naulizia mtu."

"Huyo mtu goti lake linamuuma wakati wa kushuka?"

"Kushuka, na nikikaa sana... na akikaa sana."

"Amekuwa akifanya nini?"

Ikatoka yote. Wenzake aliosoma nao Kampala wanakuja mwezi ujao, wataishi kwake, na amewaahidi atawapandisha Rebero kwa mbio na kuwaacha nyuma. Kwa hiyo anakimbia kila siku. Limeanza kuuma, naye anaongeza.

Ndugu msomaji, mimi si mtu mwema na sitajipamba hapa. Maneno yalikuwa tayari ulimini. *Ni rodaji hiyo, mwenyekiti. Kaza tu, itakaa sawa.* Angeniamini. Fundi mwenye nywele nyeupe, aliyepona, nani asingemwamini? Wiki mbili tu, naye angekuwa amekaa ukingoni mwa mtaro, wenzake wa Kampala wanamtazama. Niliiona picha yote, nikaionja.

Kilichonizuia si huruma. Ni kwamba kwa maisha yangu yote sijawahi kumwambia mtu uongo juu ya kilichoharibika mbele yangu. Wapo mafundi wanaofanya hivyo, wanamkamua mtu pesa za injini nzima kwa plagi moja. Mimi jina langu lote Gikondo limesimama juu ya jambo hilo moja, na sikuwa tayari kulibomoa kwa ajili yake. Hakustahili kiasi hicho.

Basi nikamwambia ukweli. Na nilipoanza kuutoa ndipo nikaona, jamani, ukweli ulikuwa mkali kuliko uongo wowote niliokuwa nimeutunga.

"Kwanza, kukimbia basi," nikasema.

"Siku ngapi?"

"Wiki nane, labda zaidi. Mlima usiuguse."

"Wiki nane! Na wageni yangu?"

"Wapandishe kwa gari. Ni zima, nimekwambia."

Nikamwandikia mahali pa binti wa Nyakabanda, nikamwambia lazima aonwe, mimi si daktari. Kisha nikasema, "Lakini zoezi la kwanza nitakuonyesha sasa hivi. Lala."

"Wapi?"

Nikavuta katoni tupu ya shokapu, nikaitandika sakafuni, kati ya shimo na ndoo ya oili chafu. "Hapa."

"Fundi, nimevaa suruali ya ofisi."

"Umestaafu."

Mafundi walikuwa wameacha spana. Alitazama kushoto na kulia, akavua viatu, akalala chali kwa awamu, kama ngamia. Soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba nje. Niliwanyima mafundi wangu ruhusa ya kucheka, kwa macho tu. Kicheko kingempa nafasi ya kukasirika na kuondoka.

"Nyoosha. Inua. Shubiri mbili. Shusha polepole. Moja."

"Ii..."

"Mbili. Hiyo umepinda goti, haihesabiki. Mbili tena."

"Fundi, unahesabu vibaya."

"Mbili, mwenyekiti. Endelea."

Tulifika kumi baada ya kama kumi na saba hivi. Nilimpumzisha, tukafanya raundi zote tatu. Aliinuka na mafuta mgongoni, akanishukuru. Alinishukuru kweli, kwa mikono miwili. Hilo nusura liniharibie siku, nikalikataa lisiingie.

Jumapili iliyofuata barabara zilifungwa. Klabu ikatoka, na mbele yao akakimbia mhasibu mmoja kijana ambaye hakujua atazame wapi. Mwenyekiti alibaki nyuma kwa amri yangu na ya binti, atembee tambarare. Na nyuma kulikuwa na mtu mmoja tu anayetembea tambarare. Mimi.

Basi tukatembea pamoja. Mwendo ulikuwa wangu. Akirefusha hatua nilimshika shati. Nilimsimulia Mwanza, nikamsimulia dizeli, nikamsimulia giaboksi ya kwanza niliyofungua peke yangu, meno kwa meno, na hakuwa na pa kukimbilia.

Tukapitwa na akina mama wa kwaya. Yule mnene, safari hii hana simu, akapunguza mwendo akamtazama.

"Ee, mwenyekiti! Wewe nyuma? Kumetokea nini?"

Mwenyekiti akanigeukia mimi. Macho yalikuwa yananiomba nijibu, niseme ananisindikiza, niseme chochote. Nikafunga mdomo, nikatazama mbele.

"Goti," akasema, kwa sauti ndogo.

"Sikusikia," yule mama akasema.

"Sema kwa nguvu," nikamwambia. "Wenzako wa mbele nao wasikie."